Dawa za miti na malaria: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Kisumu

Nilifanya kazi ya maabara miaka mingi, kazi ya kuinamia darubini na kuhesabu vimelea kwenye damu za watu. Nimestaafu, lakini maswali hayajastaafu. Nikipanda matatu ya Kondele naulizwa, nikienda matanga Ahero naulizwa, simu ikilia usiku ni mtu ameshika chupa ya dawa ya miti anataka kujua ainywe au aimwage. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Mimi siuzi dawa ya aina yoyote. Dani yangu, mama mzaa baba, alitibu watu kwa miti mpaka alipofariki, kwa hivyo atakayetafuta dharau humu hataiona.

Ni kweli dawa za malaria za hospitali zilitoka kwenye miti?

Kweli, tena si moja. Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti wa sinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wenyeji waliutumia kutuliza homa na kutetemeka, mapadre Wajesuiti wakaupeleka Ulaya katika karne ya 17, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakafaulu kuitenga kemikali yenyewe kutoka kwenye gome. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walipanda sinkona Amani, kule Usambara. Klorokwini, ambayo wazee mnaikumbuka kwa ile miwasho yake, ilitengenezwa maabara Ujerumani mwaka 1934, nayo ni ndugu wa kwinini kwa umbo.

Kisha kuna AL, vile vidonge vya manjano mnavyopewa leo. Nusu yake, artemetha, inatokana na artemisinini, na artemisinini inatoka kwenye majani ya Artemisia annua, mmea wa Uchina.

Watu hushangaa zaidi nikiwaambia kuhusu chanjo. Ile chanjo ya malaria ya watoto iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019 ina kichocheo cha kuamsha kinga ya mwili, na sehemu ya kichocheo hicho hutoka kwenye gome la mti wa Chile unaoitwa Quillaja saponaria. Gome hilo hutoa povu kama sabuni. Kwa hivyo hata sindano ina mti ndani yake.

Artemisinini iligunduliwaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila kitu nitakachosema baadaye kinaanzia hapa.

Wakati wa vita vya Vietnam, malaria iliwasumbua sana wanajeshi, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Uchina ikaanzisha mradi wa siri tarehe 23 Mei 1967. Mwezi wa 5, tarehe 23: ukaitwa Mradi 523. Mwaka 1969 mtafiti wa Beijing, Bi. Tu Youyou, akapewa kikundi cha kuongoza. Walikusanya maelekezo ya dawa za kienyeji zaidi ya 2,000, wakayachuja wakabaki na 640, kisha wakajaribu michujo, yaani dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mimea, kama 380 kwa panya wenye malaria.

Mmea mmoja, qinghao, ndiyo hiyo Artemisia annua kwa Kichina, ulionyesha nguvu mara ya kwanza. Wakarudia, nguvu ikapotea. Wakarudia tena, hakuna cha maana. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya maabara anajua uchungu huo: jana kimefanya kazi, leo kimegoma, na hujabadilisha chochote.

Tu Youyou akarudi kwenye vitabu vya kale. Katika kitabu cha tiba cha Ge Hong, mtu wa karne ya 4, akakuta maelekezo mafupi mno: chukua konzi moja ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Akajiuliza, mbona huyu mzee hakusema chemsha? Karibu kila dawa ya kienyeji ya Kichina huchemshwa. Huenda moto ndio uliokuwa unaiharibu. Akabadilisha, akatumia kimiminika kiitwacho etha, ambacho huchemka kwa nyuzi 35 tu, chini ya joto la mwili wako. Tarehe 4 Oktoba 1971, mchujo namba 191 ukawaondolea panya wote vimelea, asilimia 100. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wao wenyewe kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa. Tuzo ya Nobel ilikuja 2015, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Jani walikuwa nalo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni namna ya kuliandaa, na namna hiyo ilikuwa imeandikwa miaka 1,600 hivi kabla yao na mtu ambaye hakuwahi kuona kimelea.

Basi mbona nisinywe chai ya artemisia nyumbani?

Hili naulizwa zaidi tangu 2020, Madagaska ilipotangaza kinywaji chake cha artemisia wakati wa korona.

Artemisinini haipendi maji. Haiyeyuki vizuri, na kama tulivyoona, moto mwingi si rafiki yake. Watafiti waliwahi kupima lita nzima ya chai iliyotengenezwa kwa uangalifu wakakuta miligramu zisizofika 100, karibu moja ya tano ya kile mtu mzima anachohitaji kwa siku. Na hiyo ni chai ya watafiti, waliopima majani kwa mizani. Mmea wa shambani kwako unaweza kuwa na nguvu nusu ya wa jirani, kulingana na mbegu, udongo, siku ya kuvuna na ulivyoukausha.

Kinachotokea ukinywa dozi ndogo ni hiki: homa inashuka, unasikia nafuu, unarudi kazini, na vimelea vilivyobaki vinaanza kuzaana upya. Kwenye majaribio ya chai hiyo wagonjwa wengi walirudiwa na malaria ndani ya wiki chache. Vile vinavyobaki ndivyo vilivyoionja dawa vikaizoea. Shirika la Afya Duniani limekataa mara kadhaa kupendekeza majani au chai ya artemisia kwa malaria, na sababu yao ndiyo hiyo. Mimi nakubaliana nao, ingawa najua jibu hili limenikosanisha na marafiki wawili wanaoupanda.

Angalizo: pakanga ya milimani, Artemisia afra, ni mmea mwingine. Ni wa Afrika kweli, harufu yake inafanana, lakini artemisinini yake ni kidogo mno au haipo kabisa. Ukiuziwa "artemisia" sokoni, uliza ni ipi. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Na mwarobaini? Si unatibu magonjwa arobaini?

Jina ndilo linalosema hivyo. Mti wenyewe ulikuja kutoka Bara Hindi, ukazoea Pwani, na sasa uko kila mahali hapa Kisumu, hasa shuleni na makanisani kwa ajili ya kivuli.

Katika kisahani cha maabara, kemikali za mwarobaini, kama geduni na nimbolidi, zinaua vimelea vya malaria. Cha kuvutia zaidi, zinavigusa hata vile vimelea vya hatua ya kijinsia, ambavyo mbu huvinyonya na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Dawa nyingi hazifanyi hivyo vizuri, kwa hivyo watafiti hawajauacha mti huu. Lakini kutoka kisahani hadi kidonge safari haijakamilika. Hakuna dawa ya malaria ya mwarobaini iliyopita majaribio yote ya wagonjwa.

Mafuta ya mbegu zake, hapo nitasema kwa sauti: usimpe mtoto ayanywe. Kuna watoto waliopewa kijiko tu wakaanza kutapika, wakapata degedege, ini likaharibika, na wengine wakafa. Mama mjamzito naye akae mbali na mwarobaini wa kunywa, kwa sababu mti huu umetumika tangu zamani kuharibu mimba. Majani kwenye ghala la mahindi kufukuza wadudu, sawa.

Miti ya huku kwetu imewahi kupimwa?

Imepimwa, na mingi kuliko mnavyodhani. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo chake cha utafiti wa dawa za asili Nairobi, na vyuo vikuu vyetu vimetoa tasnifu kwa mamia. Nitataja michache ninayoijua.

Olusia, kama Wajaluo tunavyoiita, ni Vernonia amygdalina, ule mti wa majani machungu uliopandwa kwenye ua wa kila boma. Mwaka 1987 kule Mahale, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na mzee Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya tawi lake na kuutafuna moyo wake wa ndani, kitu ambacho sokwe wazima huwa hawakigusi. Mzee akamweleza kwamba kwao hiyo ni dawa ya tumbo. Kwa malaria, jaribio moja la wagonjwa lililochapishwa 2009 liliona thuluthi mbili hivi wakipata nafuu, ila ni wachache walioondokewa kabisa na vimelea. Nafuu na kupona ni vitu viwili.

Shikuma ya msitu wa Kakamega, na ndugu yake mjafari ambao Wajaluo huuita roko, ni miti ya jamii ya Zanthoxylum. Ina miiba mikubwa kwenye shina kama chuchu za mbwa, na gome lake ukilitafuna ulimi unakufa ganzi. Mdakakomoa, yule mtambaazi mwenye miiba, Toddalia asiatica, ana kemikali inayoitwa nitidini ambayo inaua vimelea kwa nguvu. Kwa bahati mbaya inaua na seli za mwili pia.

Kuna mmea mdogo wa nyanda za juu, Ajuga remota, mchungu kama shubiri. Watafiti wa Nairobi walikuta ndani yake kiini chenye daraja la oksijeni, oksijeni mbili zimeshikana mkono. Daraja la namna hiyo ndilo silaha ya artemisinini. Kimelea hula himoglobini ya damu yako, kikila kinabaki na chuma, na chuma hicho kinapogusana na daraja, daraja linavunjika na kulipuka ndani ya kimelea chenyewe. Kinajiua kwa mabaki ya chakula chake. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu maabara.

Na muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi, Warburgia ugandensis. Gome lake linawasha kama pilipili. Kwenye maabara limeonyesha nguvu dhidi ya vimelea, na kila mtu wa Bonde la Ufa kutoka Nakuru kwenda juu ana hadithi yake. Tatizo la muthiga nitalisema chini.

Mnapimaje mti? Nieleze kama mtoto.

Gome linakaushwa kivulini, linasagwa, linalowekwa, sehemu moja kwenye maji na nyingine kwenye spiriti. Kinachobaki baada ya kukaushwa ni unga au utomvu mweusi. Kwa upande wa pili kuna vimelea hai, vinavyofugwa kwenye damu ya binadamu ndani ya visahani. Ufugaji huo uliwezekana mwaka 1976 tu, Trager na Jensen walipogundua kwamba kimelea hakitaki oksijeni nyingi. Wakaweka visahani ndani ya chombo cha kioo, wakawasha mshumaa ndani, wakafunika. Mshumaa ukishapunguza oksijeni unazimika wenyewe, na kimelea kinastarehe. Chombo cha mamilioni kinachofanya kazi hiyo leo kinaiga mshumaa.

Unaweka unga wako kwa viwango, kutoka kingi hadi kidogo sana, na baada ya siku mbili tatu unahesabu. Unatafuta kiasi kinachoua nusu ya vimelea. Kiasi kikiwa kidogo mno, una kitu. Halafu unajaribu unga uleule kwa seli za kawaida, zile zinazotoka kwenye figo la tumbili, kuona kama zenyewe zitapona. Usisahau kwamba hata jiki inaua vimelea vyote kwenye kisahani. Swali ni nini kinabaki hai.

Kisha panya, siku nne za dawa mfululizo. Kisha usalama kwa watu wachache wenye afya, kisha wagonjwa wachache, kisha wagonjwa wengi. Michujo mingi hufia kwa panya: inaua vimelea kwenye kisahani, lakini ukimnywesha panya ini linaikatakata kabla haijafika kwenye damu.

Inachukua miaka mingapi?

Kumi na zaidi, mambo yakienda vizuri. Hayaendi vizuri.

Kuna nchi ya Afrika iliyofika mbali na dawa yake ya miti?

Mali, na walifika kwa kugeuza njia. Badala ya kuanza maabara walianza vijijini. Walizunguka boma kwa boma wakiuliza: mtoto wako alipougua malaria mara ya mwisho mlimpa nini, na ilikuwaje? Wakalinganisha majibu na matokeo. Mmea mmoja ukajitokeza, Argemone mexicana, gugu lenye miiba na maua ya manjano ambalo liko hata huku kwetu kando ya barabara. Wakafanya jaribio la wagonjwa, wakalinganisha na dawa ya mseto ya hospitali, yaani dawa mbili kwa pamoja kama AL ilivyo. Katika siku 28, asilimia 89 ya waliotumia mmea hawakuhitaji dawa nyingine, na kwa dawa ya mseto ni asilimia 95. Malaria kali kwa watoto wa miaka 5 kushuka chini ililingana pande zote, chini ya asilimia 2.

Ukisoma haraka utasema mmea umeshinda. Tulia. Watafiti wenyewe hawakusema uchukue nafasi ya dawa ya hospitali. Walisema unaweza kuwa huduma ya kwanza mahali zahanati iko mbali. Tena walitumia majani na mashina yaliyochemshwa kwa muda maalumu. Mbegu za mmea huohuo ni sumu, mafuta yake yamewahi kuvimbisha watu miili huko India hata wakafa. Usiende kuung'oa barabarani kwa sababu yangu.

Ghana nao wana mzizi wa nibima, Cryptolepis sanguinolenta, ambao umepakiwa kama chai ya vipimo kwa ajili ya malaria.

Mimi nilikunywa dawa ya miti, nikapona. Unasemaje?

Nasema pole, na nashukuru umepona. Kisha nakuuliza: ulipimwa?

Jirani yangu, fundi wa pikipiki, aliniapia kwamba manyasi, yaani dawa ya miti, ya mama mmoja yalimtoa malaria mara tatu. Mara ya nne nikamwomba atoboe kidole kabla ya kunywa. Kipimo cha haraka, dakika 15, mstari mmoja. Hakuwa na malaria. Ilikuwa homa ya mafua, na kufikia Ijumaa alikuwa mzima kwa dawa au bila dawa. Homa si malaria, ingawa lugha yetu huchanganya hayo mawili kwa urahisi.

Hata malaria yenyewe ina ujanja. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tumeumwa na mbu tangu utotoni, miili yetu imejifunza kuikandamiza. Utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano katika ukanda huu wa ziwa ana vimelea, wakati wastani wa nchi nzima ni asilimia 6. Mtu mzima wa hapa anaweza kuwa navyo na asilale kitandani. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo, wala mgeni aliyetoka Nyeri wiki jana.

Na kuna hili la chupa. Niliwahi kununua dawa ileile kwa muuzaji yuleyule, wiki mbili mbali. Nikaziweka dirishani pamoja. Moja ilikuwa nyeusi kama kahawa, nyingine unaona kidole chako upande wa pili. Zote mbili kibandiko kilisema "glasi moja mara mbili kwa siku". Glasi moja ya ipi?

Ninaweza kunywa pamoja na AL?

Usichanganye. Maliza AL kwanza: kwa mtu mzima vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Kunywa na chakula chenye mafuta, hata maziwa au mandazi, kwa sababu nusu ya pili ya dawa hiyo, lumefantrini, inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Watu wengi wanaoniambia "AL imekataa kwangu" waliinywa na chai ya rangi tupu, au waliacha siku ya pili walipopata nafuu.

Mtoto ana homa kali usiku, zahanati imefungwa. Nimpe nini?

Mpe safari ya hospitali. Mtoto anayepata degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kukaa, anayepumua kwa shida, au mwenye mkojo mweusi, hana muda wa kuchemsha gome. Gonga kwa mhudumu wa afya wa jamii, wengi wana kipimo na AL nyumbani. Mjamzito vilevile.

Kama AL inafanya kazi, kwa nini tunahangaika na miti?

Kwa sababu tumeshaliona hili mara mbili. Kenya iliacha klorokwini mwaka 1998 baada ya vimelea kuizoea, ikaingia SP, ile Fansidar, SP nayo ikachoka, na 2004 tukachagua AL, iliyofika zahanati zote 2006. Sasa vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Uganda iko ng'ambo ya Busia, na kimelea hakisimami mpakani kugongewa pasipoti.

Dawa mpya zinakuja. Novemba 2025 yalitangazwa matokeo mazuri ya majaribio ya mwisho ya ganaplasidi ikichanganywa na lumefantrini, na hiyo haikutoka kwenye mti, ilitoka kwenye kuchuja molekuli nyingi sana maabara. Mtu atasema basi miti imepitwa. Sidhani. Mwanakemia hawezi kuota ndotoni daraja la oksijeni kama la artemisinini. Mmea uliliunda wenyewe.

Dawa ikipatikana kwenye mti wetu, pesa zitaenda kwa nani?

Swali la haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumika, na kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya 2016 inayozitaka kaunti ziwe na rejista. Kenya pia imo katika Itifaki ya Nagoya: mtafiti apate idhini ya wenye maarifa, na mkataba wa kugawana faida, kabla ya kuondoka na gome. Anatakiwa pia awe na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti. Akija kwako bila karatasi, mpe chai, usimpe mti.

Mfano mzuri upo karibu. Wakulima wa Muliru, pembeni mwa msitu wa Kakamega, walishirikiana na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kupanda Ocimum kilimandscharicum na kukamua mafuta yake yanayotumika kwenye dawa ya kupaka ya mafua, Naturub. Walipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2010. Haikuwa malaria, wala hawakuwa matajiri wa kujenga ghorofa, lakini kiwanda kiko kwao.

Tatizo la muthiga ulilosema?

Gome. Mtu akilibandua kuzunguka shina lote, mti unakufa, kwa sababu chakula kutoka kwenye majani hupita hapohapo chini ya gome. Nimeona miti imesimama mikavu kama mifupa. Bandua upande mmoja tu, kipande cha kiganja, upande wa pili uuache miaka. Au tumia majani, kwani mara nyingi yana kemikali zinazofanana. Au panda.

Dani yangu bado yuko hai na anajua dawa. Niandike nini?

Usianze na jina la mti. Kila anayekuja kuuliza anauliza mti gani, anaandika, anaondoka. Muulize alichuma saa ngapi, kabla ya mvua au baada. Jani changa au lililokomaa. Alilikausha au la. Alichemsha, na kama hakuchemsha, kwa nini? Dani yangu kuna gome moja alilolikataza lisiguse moto, alikuwa analilaza usiku kwenye kibuyu na maji ya baridi na asubuhi analikamua kwa mkono. Nilipokuwa kijana niliona ni uvivu wa kuwasha jiko. Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Tu Youyou na ile konzi ya qinghao, nikaenda nyumbani kumuuliza gome lile lilikuwa la nini. Alikuwa ameshaanza kusahau majina yetu.

Muulize pia ni nani asiyepewa. Waganga wazuri wana orodha ndefu ya wasiopewa.

Nitajuaje jina la kisayansi la mti?

Kata tawi lenye ua au tunda, kwa sababu majani peke yake hudanganya hata wataalamu. Lilaze ndani ya gazeti, weka vitabu vizito juu, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyo Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wana wataalamu wa kulitambua. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti na jina la kienyeji kwenye karatasi utakayoiweka ndani ya gazeti hilo. Tumia penseli. Wino wa kalamu huchuruzika unyevu wa jani ukiufikia.